Nani Atapanda na Antena?

Leo siandiki habari za Kongo wala za Burundi kama mlivyonizoea. Twende London kidogo, halafu tutarudi.

Sababu ni hii. Wiki mbili zilizopita dogo mmoja alinifuata pale kituo cha vijana ninapojitolea. Ana miaka 19 na anachana kuliko wengi mnaowashangilia hapa Dzaleka. Akaniambia kuna promota alipita, akawaahidi kuwarekodi na kuwapeleka mjini, ila walipe kwanza. Nikamuuliza amelipa na nini. Ameuza simu. Sasa namba ya promota haipatikani.

Kilichoniuma si pesa peke yake. Ile simu ndiyo ilikuwa studio yake. Alijirekodi nayo usiku chini ya blanketi, biti zake zote zilikuwa humo, na namba za watu wake pia. Yaani ameuza studio ili alipie studio. Halafu akaniuliza, "Kaka, humjui mtu yeyote huko Ulaya anayesaini wasanii?" Alikuwa amemwona Stormzy kwenye simu ya rafiki yake akiimba mbele ya bahari ya watu, na akilini mwake yule jamaa aliitwa tu siku moja, akasaini karatasi, akatoka kimaisha.

Basi nilimwambia akae. Mimi muziki huo nimeufuatilia miaka mingi, bando zangu nyingi zimeishia huko. Niliyomweleza ndiyo haya, nimeyapanga kidogo tu.

Waingereza wanaandika grime, sisi tuandike graimu kama tunavyotamka. Maana ya neno lenyewe ni masizi, ule uchafu mweusi unaoganda ukutani. Na MC wa huko si yule wetu wa harusini anayeita familia ya bwana harusi isogee mbele kupiga picha. MC wa graimu ni mtu wa kuchana, tena kwa kasi, kwa sababu biti inakimbia mapigo kama 140 kwa dakika. Ukizoea hip hop ya taratibu utadhani wanagombana. Wakati mwingine kweli wanagombana.

Muziki huu ulizaliwa mashariki ya London mwanzoni mwa miaka ya 2000, hasa mitaa ya Bow na jirani zake. Eneo hilo liliishi kwa bandari. Bandari zikafungwa moja baada ya nyingine, za mwisho mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kazi zikaenda nazo. Kwenye sehemu ya bandari hizo wakajenga Canary Wharf, maghorofa ya mabenki, na lile refu lao la mita 235 lilikamilika mwaka 1991. Kwa hiyo kijana wa Bow anayeishi kwenye nyumba za halmashauri alikuwa anafungua dirisha asubuhi na kuona pesa ya dunia nzima inang'aa, karibu kabisa, na hakuna hata siku moja ambayo ile pesa ilimwita. Wengi wao walikuwa watoto wa wahamiaji: Wajamaika, Waghana, Wanaijeria. Babu zao Wajamaika walikuja na utamaduni wa spika kubwa za kubebwa, unazifunga uani, mtu anashika kipaza sauti anaongea juu ya muziki. Hapo ndipo MC wa London alipotokea, kupitia jungle na garage, mpaka hawa wadogo wakaja na sauti yao ya baridi na ya fujo.

Garage ilikuwa muziki wa kuvaa vizuri na kuagiza shampeni. Hawa hawakuwa na nguo wala shampeni, na milangoni mwa klabu hawakutakiwa. So Solid Crew, kundi kubwa la kusini mwa London, walikuwa wamefungua mlango mwaka 2001 na wimbo wao "21 Seconds" uliofika namba moja. Jina linatokana na muda: walikuwa wengi mno, kila mmoja akapewa sekunde 21 tu. Nawapenda kwa hilo. Sisi hapa watu wawili tunashindwa kugawana ubeti.

Sasa tufike kwenye redio, maana hapa ndipo ninapotaka mkae sana.

Redio za kawaida hazikuwapiga. Wakatumia redio zisizo na leseni. Maarufu zaidi ni Rinse FM, iliyoanzishwa mwaka 1994 na vijana wadogo, Geeneus na Slimzee wakiwemo. Redio ya namna hii ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni chumba cha matangazo, ambacho kingeweza kuwa jiko la mtu au chumba cha kulala cha rafiki. Ya pili ni mtambo wa kurusha mawimbi na antena yake, vimefichwa juu ya paa la ghorofa jingine refu. Chumba kilituma sauti kwenye mtambo kwa mawimbi, bila waya. Kwa nini wajisumbue hivyo? Kwa sababu wakaguzi wa serikali wakifuata mawimbi wanaishia kwenye antena, si chumbani. Wanakata, wanabeba, wanaondoka. Watangazaji wamebaki salama. Baada ya siku chache mtu anapanda tena na mtambo mwingine begani, usiku, upepo unavuma, chini ni ghorofa kama ishirini.

Fikirieni huyo mtu. Hachani. Hakuna anayemshangilia. Akianguka huko hata gazeti halitajua alikuwa anafanya nini. Lakini bila yeye hakuna Dizzee, hakuna Skepta, hakuna yeyote. Mmoja wao angalau tunamjua: Slimzee mwenyewe, DJ mkubwa, alikuwa mpandaji, na mwaka 2005 alipewa amri rasmi ya kumzuia asipande tena mapaa ya maghorofa. Serikali nzima imekaa kumkataza mtu mmoja asipande juu!

Na jambo jingine ambalo yule dogo hakuliamini nilipomwambia: kwenye redio hizi walikuwa hawalipwi. Wao ndio walilipa. Ma-DJ na ma-MC walichangia ada ili kituo kiishi, kama likelemba yetu, ila hapa hakuna anayepokea zamu. Zamu yako ni saa mbili za hewani. Mnachanga, mtambo unakamatwa, mnachanga tena. Tofauti na yule promota ni kwamba mchango uliwekwa kwenye kitu chenu wenyewe, mnakiona, mnakisikia jioni ukiwasha redio.

Hewani ilikuwa hivi. DJ anapiga biti, ma-MC watano, sita, wamebanana kwenye kachumba, kipaza sauti ni kimoja. Unachana mistari minane au kumi na sita, unampa mwenzako. Ukichelewa kukiachia utasikia. Msikilizaji huko nyumbani akipenda, anabip simu ya studio. Ndiyo, kubip kulekule kwetu, hana salio au hataki kulitumia. Simu zikiwaka nyingi, DJ anairudisha santuri mwanzo na MC anarudia. Ukirudishwa mara tatu usiku mmoja, kesho shuleni wewe ni mfalme. Ukipita kimya, unaenda nyumbani kuandika upya. Hiyo ndiyo shule yao. Kila wiki unapimwa, na wanaokupima ni majirani.

Biti walitengeneza na nini? Wengine walitumia mchezo wa PlayStation ulioitwa Music 2000, wengine FruityLoops kwenye kompyuta ya nyumbani. Hii FruityLoops siku hizi inaitwa FL Studio, ndiyo ileile tunayogombania kwenye kompyuta moja ya pale kituoni.

Wiley, ambaye wengi wanamwita baba wa graimu, alitoa biti yake "Eskimo" mwaka 2002. Hakusubiri kampuni. Alichapisha santuri zenye lebo nyeupe, bila picha wala maandishi ya kupendeza, akazipakia kwenye gari na kuzungusha duka kwa duka. Duka moja lilikuwa Rhythm Division, barabara ya Roman Road hapo Bow. Unauza, unalipia uchapishaji, kinachobaki unachapisha nyingine. Mama zetu wanaouza mandasi wanaijua hesabu hii vizuri kuliko sisi wasanii.

Dizzee Rascal ni wa huko huko. Jina lake Dylan Mills, alizaliwa mwaka 1984, baba alifariki yeye akiwa mdogo, akalelewa na mama yake kutoka Ghana. Shuleni alikuwa tatizo. Alifukuzwa shule kadhaa, na pale Langdon Park ikafika hatua akaondolewa kwenye masomo yote isipokuwa muziki. Mwalimu wa muziki alimwachia kompyuta. Huyo mwalimu hakumfundisha kuchana, asingeweza. Alimwachia kompyuta na chumba, basi. Mwaka 2003 ikatoka albamu "Boy in da Corner", na Septemba mwaka huohuo akachukua tuzo ya Mercury, paundi 20,000, akiwa bado na miaka 18. Miezi miwili tu kabla alikuwa amechomwa visu huko Saiprasi.

Hapa dogo akanikatiza: "Si unaona kaka, kampuni ilimsaini!" Kweli, XL ilimsaini. Lakini ilimsikia wapi? Alikuwa amepita redioni, alikuwa kwenye kundi la Roll Deep na Wiley, alikuwa na wimbo wake unazunguka. Kampuni ilikuja kuchuma. Haikupanda.

Siwasifu hawa watu kama malaika, tusije tukadanganyana. Mwaka 2022 mahakama ilimtia Dizzee hatiani kwa kumshambulia aliyekuwa mchumba wake. Wiley mwaka 2020 alimwaga maneno ya chuki dhidi ya Wayahudi mtandaoni, na mwaka 2024 nishani aliyopewa na serikali ikafutwa. Sisi tuliokimbizwa kwa sababu ya kabila na maneno ya redioni, hilo la pili tusilipite kirahisi. Kipaza sauti kinaua pia. Tunajua.

Baada ya redio ilikuja picha. Channel U, televisheni ya muziki iliyoanza mwaka 2003, ilipokea video zilizopigwa na kamera za mkononi vichochoroni. Kuanzia mwaka 2004 kukawa na DVD za Lord of the Mics, ma-MC wanapambana kwa mistari ana kwa ana, zimerekodiwa kwenye chumba cha chini cha nyumba ya wazazi wa Jammer, huko Leytonstone. Wiley na Kano walipambana mle ndani. Wazazi wako juu wanakunywa chai, chini historia inatengenezwa. Halafu mwaka 2006 kijana wa London magharibi, Jamal Edwards, akiwa na miaka kama 16, alichukua kamera aliyopewa na mama yake na kuanza kurekodi marafiki zake na kuwaweka YouTube. Akaiita SBTV. Hakuwa MC wa kutisha. Alikuwa mshika kamera. Mamilioni ya watu walimwona Stormzy, Dave na wengine wengi kupitia milango kama hiyo. Jamal alifariki mwaka 2022 akiwa na miaka 31 na London ililia kama imefiwa na mwimbaji mkubwa.

Wakati huohuo polisi walikuwa na karatasi yao. Iliitwa Fomu 696 na ilianza mwaka 2005. Mwenye ukumbi akitaka kufanya onyesho alitakiwa kujaza majina ya wasanii, anwani, simu, na toleo la mwanzo liliuliza mpaka aina ya muziki na watu wa asili gani watakuja. Maonyesho ya graimu yakafutwa ovyo. Wimbo wa Lethal Bizzle, "Pow!", wa mwaka 2004, ulipigwa marufuku na klabu nyingi, kulikuwa na matangazo yanayowakataza ma-DJ wasiupige hata ile biti tupu. Fomu ilifutwa mwaka 2017. Miaka 12! Sisi tunaoomba kibali cha kutoka kambini ili tukaimbe Lilongwe, hatuhitaji kuelezwa karatasi inafanya nini kwa msanii.

Graimu ikapoa. Wengine wakaenda kuimba nyimbo laini za klabu wapate pesa, na siwalaumu. Iliporudi, ilirudi kwa njia yake ya zamani. Skepta, mtoto wa wazazi wa Kinaijeria kutoka Tottenham, na mdogo wake Jme, walikuwa na lebo yao wenyewe, Boy Better Know, tangu mwaka 2005. Mwaka 2014 wakatoa "That's Not Me". Video yake iligharimu paundi 80, na ikashinda tuzo ya video bora ya MOBO. Mwaka 2016 albamu ya Skepta, "Konnichiwa", ikachukua Mercury mbele ya albamu ya David Bowie, na ilitoka kwenye lebo ileile ya familia. Stormzy, ambaye mama yake ni Mghana, aliwahi kuwa mfanyakazi kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta kabla ya muziki kumlipa. "Shut Up", ile video iliyomtoa, amesimama bustanini na washkaji zake nyuma, amevaa traksuti, anachana juu ya biti ya zamani. Mwaka 2017 albamu yake ikawa ya kwanza ya graimu kufika namba moja Uingereza. Ile bahari ya watu aliyoiona dogo ni Glastonbury, mwaka 2019.

Kuna mmoja zaidi nilimtunza wa mwisho, kwa ajili yetu. Big Zuu. Mama yake alikimbia vita ya Sierra Leone akiwa na mimba yake, akajifungua London mwaka 1995. Mtoto akakua magharibi ya jiji, akawa MC kwenye kundi la MTP pamoja na binamu yake AJ Tracey, na aliwahi kufanya kazi na vijana kama hii ninayofanya mimi. Leo wengi wanamjua kwa kupika kwenye televisheni, na mwaka 2022 alichukua tuzo za BAFTA kwa kipindi hicho. Dogo alicheka: mkimbizi, MC, mpishi. Nikamwambia cheka tu, wewe ugali wako unaungua.

Turudi nyumbani. Msiniambie hapa haiwezekani. Mwaka 2014 Menes La Plume, mshairi na mkimbizi mwenzetu kutoka Kongo, alianzisha Tumaini Festival hapahapa Dzaleka, mahali palipokuwa gereza. Wamalawi wanakuja kambini kutusikiliza, wasanii wao na wetu jukwaa moja, wageni wengine wanalala majumbani mwetu. Hilo ni paa, na kuna watu walipanda. Ila ni mara moja kwa mwaka. Rinse ilikuwa kila wiki, miaka 16 bila leseni, mpaka walipoipata mwaka 2010.

Na nyinyi mnaofanya kazi kwenye mashirika mnaosoma humu, nawaheshimu, lakini niwaambie. Kuna mradi wa muziki ulikuja, sitautaja. Vipaza sauti vizuri, mkufunzi, fulana. Mradi ulipokwisha vifaa vilirudi ofisini, chumba kikafungwa, na vijana walipewa vyeti. Yule mwalimu wa Langdon Park hakutoa cheti. Kama mnaweza kutuachia kimoja tu, tuachieni ufunguo.

Sisi wenyewe pia tuna kosa letu. Jumatatu nilibandika karatasi ukutani pale kituoni: kila Jumamosi saa tisa mchana, spika moja, kipaza sauti kimoja, mistari kumi na sita kila mtu, na simu moja ya kurekodi. Kila mmoja anachangia kidogo anachoweza, pesa inawekwa hadharani, mhasibu ni dada mmoja ambaye hataki utani. Niliweka safu mbili, ya wanaochana na ya kazi nyingine: kubeba betri ya sola, kushika simu, kuweka vipande kwenye WhatsApp, kukaa mlangoni, kwenda kuongea na wazee wa mtaa kuhusu kelele.

Mpaka jana jioni safu ya kuchana ina majina 23, wasichana ni wanne na mmoja wao nitawaomba mkae mkao. Safu ya pili ilikuwa tupu. Leo asubuhi nimekuta jina moja, kwenye mstari wa betri. Ni la yule dogo. Kaandika na swali pembeni, kama atakayebeba betri anaruhusiwa kuchana pia.

Nimemjibu ndiyo, ila awe wa mwisho kwenye orodha. Bado tunatafuta mtu wa simu.